Kifurushi Yatima

Saa tisa za usiku umeme umerudi Langoni.
Najua kwa mngurumo wa friji ya Bi Khuzaima
unaopenya ukuta huu wa mawe usiopitisha mtandao.
Ruta iko kwenye kidaka,
bibi alipokuwa akiweka mafuta ya nywele.
Naamka, naanza upya kujenga kiini.

Jana kilifika asilimia tisini na nne, giza likaingia.
Juzi kilifika mwisho, kikakataa kuwaka:
kompyuta imesimama wima
kama punda wa Famau mbele ya ngazi asiyoijua.

Mama huwaambia wageni, "Huyu hushona viraka vya kompyuta,"
na sijasikia maelezo sahihi zaidi.

Kompyuta zenyewe kumi na moja, za shule ya wasichana,
zilizoletwa na watu waliozichoka.
Chumvi imezila pembe.
Kiini cha kawaida kwao ni mzigo: kimebeba viendeshi
vya mitambo ambayo Lamu nzima haina.
Basi nikakipunguza. Hapana, hapana, ndiyo, hapana,
maswali elfu kadhaa,
kama kumjibu shangazi anayekutafutia mchumba.

Ikabaki kadi ya mtandao.
Kiendeshi chake kilikuwa na mtunzaji mmoja,
simjui uso wala nchi. Alitia herufi mbili tu, T. V.
Miaka kumi na minne alikifuata, toleo kwa toleo,
na maelezo yake mafupi:
"Sasa inajenga." "Samahani kwa kuchelewa."
Mwezi wa Rajabu akaandika:
"Mke wangu anaumwa. Siwezi tena."
Kifurushi kikaandikwa yatima.

Ndivyo wasemavyo huko, yatima, sikubuni mimi.
Na mtu wa hapa ukimtajia neno hilo
mkono wake unatafuta kichwa cha kupapasa
kabla hajauliza mtoto ni wa nani.

Nikakichukua. Mistari elfu tatu na mia mbili
ya mawazo ya mtu mwingine.
Nikaona alipokuwa na haraka,
nikaona alipoogopa:
"Usiguse hapa. Sijui kwa nini inafanya kazi."
Nikapita hapo kwa kunyata.

Ufa wenyewe mdogo. Jina moja lilibadilishwa huko juu
na yeye hakuwepo wa kuambiwa.
Mistari miwili.
Wiki tatu kuitafuta hiyo miwili.

Kiraka hutakiwa maelezo. Wenzangu huandika sentensi moja kavu.
Mimi nimelelewa na mwanamke aliyehesabu mizani
kwa kugonga kifuniko cha birika;
nikaandika hivi, tafsiri nikaiweka chini:

*Kiraka nimekitia, palipokuwa na ufa,*
*Mwenyewe ametwachia, wala hakudai sifa,*
*Sasa nakiangalia, nisikiwache kikafa,*
*Akipowa mwenye ndwele, arudi, mlango wazi.*

Mtu wa mbali akaniuliza
kama mstari wa mwisho ni sehemu ya leseni.
Nikamjibu: ndiyo.

Asilimia tisini na sita.
Feni inahema. Betri hii ni ya kuazima.
Tisini na saba.
Nimeacha hata kugusa meza.

Kesho Rukiya wa darasa la saba atabonyeza,
ukurasa utafunguka, naye hatajua lolote,
atalalamika tu kwamba unachelewa.
Sawa. Kiraka kizuri hakimwashi aliyevaa.

Kwenye faili la watunzaji sikuzifuta herufi zake.
Chini yake nimeongeza: Mwanakheri Shekuwe, Langoni.

Imekwisha. Imewaka.
Na hapo hapo tangazo: toleo jipya limetoka,
saa moja iliyopita, mimi nikijenga la zamani.

Naweka maji ya chai.